Themanini Mara Tatu

Mizani ya hospitali yetu ilikuwa imefungiwa kliniki ya wajawazito, na ufunguo alikuwa nao mkunga mmoja ambaye ikigonga saa tisa alasiri ameshafika kituo cha basi. Ndiyo maana, mwaka 1988, yule bibi hakupimwa uzito. Aliyempokea alimkadiria kwa macho, akaandika kwenye faili kilo 50. Nilikuja kumpima mwenyewe baadaye, mambo yalipokwisha kuharibika: kilo 40, na khanga zake mbili mwilini.

Nilikuwa mfamasia katika hospitali ya mkoa mmoja wa mwambao, mwaka wa tano kazini, kijana wa kunyoosha kola. Niliamini kazi yangu inaanzia na kuishia dirishani. Cheti kinasomeka, dawa ipo kwenye shelfu, sahihi ya daktari ipo: natoa dawa, naandika daftarini, nasema pole, aje mwingine. Bibi yule alikuwa na miaka 76, msuka ukili, ameletwa na mjukuu wake kwa homa ya kutetemeka, ubavu unaouma na mkojo unaochoma. Vijidudu vilikuwa vimepanda kutoka kibofu hadi kwenye figo. Daktari aliandika ampisilini pamoja na jentamaisini, dawa ambayo wodini hakuna aliyehangaika kuitaja jina zima. Ni jenta tu. Jenta themanini, mara tatu kwa siku, siku kumi. Na kwa kuwa mgongo nao haukumpa usingizi, akaongezewa diklofenaki ya sindano.

Nilihesabu vichupa 30 vya jenta kwa mkono wangu, nikavipanga kwenye boksi, nikampa sista.

“Themanini mara tatu” tulikuwa tunaitamka bila kufikiri, kama mtu anavyojibu marahaba. Haikutoka kwa mgonjwa. Ilitoka kwenye kichupa. Kichupa cha jenta kina mililita 2, na ndani yake miligramu 80. Ukikivunja shingo unakimaliza, hubaki na kitu cha kupima wala kutupa. Basi mchukuzi wa bandarini mwenye kilo 85 alipata themanini mara tatu, na bibi wa kilo 40 naye themanini mara tatu. Kiwanda kilichojaza vile vichupa kilikuwa kimetupangia dozi bila kumwona mgonjwa hata mmoja.

Nisiseme hatukupima chochote. Siku aliyolazwa, maabara ilimpima kreatinini ikapata 110. Kwenye karatasi yao mwisho wa kawaida ulikuwa 120, kwa hiyo pembeni ya ile 110 kulikuwa na tiki ya wino wa bluu, imara, ya mtu asiye na wasiwasi. Niliiona. Homa ilishuka siku ya tatu, bibi akaanza kunywa uji, na mkojo ulikuwa unatoka vizuri tu. Sote tuliridhika.

Siku ya tisa mjukuu wake alikuja dirishani kwangu. Hakuja kuchukua dawa. Alisimama kando akisubiri foleni iishe, kisha akasema, “Kaka, bibi anatembea kama mlevi.” Nilimwambia ni udhaifu wa ugonjwa, ampe supu. Siku ya kumi na moja bibi aliruhusiwa, na wiki mbili baadaye nikamkuta kwenye benchi la wagonjwa wa nje, mkono mmoja umeshika ukuta ingawa ameketi.

“Shikamoo bibi.”

Hakuitikia mpaka nilipoinama mbele ya uso wake. Ndipo akasema, “Marahaba mwanangu. Sema kwa nguvu, masikio yanalia kama kuna chenene ndani.” Kisha akanieleza habari ambayo sijapata kuisoma ikielezwa vizuri zaidi katika kitabu chochote. Mchana, alisema, akitembea nyumba zinarukaruka, akisimama zinatulia. Usiku taa ikizimwa, ardhi inamkimbia. Akitaka kwenda uani inabidi apapase ukuta mpaka mlangoni, halafu atambae. Na ukili je? Ukili anasuka, mikono ni mizima. Ila akiinamisha kichwa kutafuta ncha ya mwaa, dunia nzima inainama naye.

Jenta hufanya hivyo. Ndani kabisa ya sikio kuna chembe zenye vinyweleo, baadhi zinapokea sauti, nyingine zinampa mtu habari ya wapi ni juu na wapi ni chini. Dawa ikikaa mwilini kwa wingi na kwa muda mrefu inaziua, na kwa jenta mara nyingi zile za mizani ya mwili ndizo zinazotangulia. Zikifa hazioti tena. Figo zake, tulipopima upya, zilikuwa zimeumia pia. Kreatinini imefika 260. Hizo zilijirudi polepole kwa miezi kadhaa. Masikio hayakurudi.

Aliyenifungua macho alikuwa daktari mmoja mtu mzima, mkimya, aliyekaribia kustaafu, ambaye sikuwahi kumsikia akimgombeza mtu. Nilimpelekea faili nikitegemea aniambie ni bahati mbaya. Alilisoma lote. Kisha akachukua boksi tupu la ampisilini, akalichana, na upande wa ndani usio na maandishi akaandika: 140, toa umri. Zidisha kwa kilo. Zidisha kwa 1.23 akiwa mwanamume, 1.04 akiwa mwanamke. Gawanya kwa kreatinini. Jibu ni mililita za damu ambazo figo zinazisafisha kwa dakika moja. “Fanya,” akasema, akanisogezea kalamu.

140 toa 76 ni 64. Mara 40 ni 2,560. Mara 1.04, gawanya kwa 110. Nilipata 24.

Mtu mzima mwenye figo nzima ana kiasi cha 100 hadi 120. Bibi alikuwa ameingia hospitalini na kama robo ya nguvu ya figo zake, na sisi tukaweka tiki. Ile hesabu ilikuwepo tangu 1976, ilipochapishwa na Wakanada wawili, Cockcroft na Gault. Nilisoma chuo miaka kadhaa baada ya hapo na nina hakika nilifundishwa. Lakini kufundishwa kitu na kukihitaji ni siku mbili tofauti.

Kreatinini ni taka za misuli. Mwenye misuli mingi anazalisha nyingi, mwenye misuli michache anazalisha chache, na figo zinazitoa. Kwa mchukuzi wa bandarini, 110 ni habari njema: taka nyingi, na zote zinatoka. Kwa kikongwe ambaye mkono wake unaweza kuuzungushia kidole gumba na cha shahada vikakutana, 110 ina maana kwamba taka ni chache na hata hizo chache hazitoki. Namba ni ile ile. Ndiyo maana ile hesabu inadai umri na kilo: bila mizani haina jibu. Na mizani ilikuwa imefungiwa.

Jenta haivunjwivunjwi na ini. Inaingia kama ilivyo, inatoka kama ilivyo, na mlango wake wa kutokea ni figo peke yake. Kwenye figo nzima nusu ya dawa huwa imekwishatoka ndani ya saa 2 au 3. Kwa bibi yetu nusu hiyo ilihitaji kama saa 10, na sisi tulikuwa tunarudi na sindano nyingine kila baada ya saa 8. Kila dozi iliikuta zaidi ya nusu ya mwenzake bado imekaa. Kibaya zaidi, sehemu ya dawa huingia kwenye chembe za mirija ya figo na kuziua, figo zinazidi kudhoofika, dawa inazidi kubaki, iliyobaki inazidi kuua. Diklofenaki nayo inapunguza damu inayofika kwenye figo, ikawa kama tumemshikilia mtu huku mwenzetu akimpiga. Na mkojo wakati wote huo unatoka! Hilo ndilo lililotupumbaza. Figo zinazoumizwa na jenta mara nyingi huendelea kutoa mkojo mwingi. Ni maji tu, taka zinabaki ndani. Na kreatinini haianzi kupanda mpaka wiki inakaribia kuisha, wakati wengi wetu tumekwishaacha kupima.

Baada ya hapo nikawa mtu wa kero. Nilizunguka wodini na kikokotoo cha betri ya jua, nikiuliza kilo. Nilifanya kampeni mpaka mizani ya pili ikapatikana, ya bafuni, ya kununuliwa na mfamasia kwa mshahara wake. Na kwa kuwa hesabu peke yake haimshiki mtu, nikabuni onyesho la ndoo.

Nilichukua ndoo mbili za plastiki za lita 10. Moja niliitoboa chini kwa msumari mnene, nyingine kwa sindano ya kushonea. Nikazijaza maji sawa, nikazitia chembe za pamanganeti, ile ya zambarau ya kuoshea vidonda, mpaka zote mbili zikawa rangi moja. Wauguzi wakasimama kuzunguka. Nikawaambia wamimine maji safi kwa kadiri yale ya rangi yanavyovuja, ndoo zisipungue. Baada ya robo saa, ndoo ya msumari ilikuwa waridi hafifu, karibu imetakata. Ya sindano bado zambarau kama nguo ya askofu. “Sasa,” nikasema, “kila baada ya dakika tano ongezeni chembe kidogo kwenye kila ndoo.” Ya msumari ilikuwa inapata rangi na kuipoteza. Ya sindano ikawa nyeusi, huoni hata chini yake. Hapo hakuna aliyehitaji maelezo. Mmoja alisema kwa sauti ya chini, “Ndiyo bibi yule.”

Lakini kulikuwa na sista mmoja, mnene, mwenye miwani iliyofungwa kwa plasta, ambaye hakucheka wala hakushangaa. Aliniuliza: “Kaka, ile rangi ya kwanza kabisa, kwenye ndoo ya tundu dogo ungeipunguza?”

Nikamjibu, “Naam, ningeipunguza.”

“Lakini ndoo si zina ukubwa mmoja? Kama unataka zote zifike zambarau ile, rangi ya kuanzia si lazima iwe sawa?”

Nilimwambia tutalizungumza. Hatukulizungumza. Nilikuwa na jibu langu tayari, la mtu aliyeungua: figo mbovu, punguza. Nitarudi kwake.

Siku hizo nilikuwa nasoma kila nilichokipata kuhusu dawa na figo, na kilichonishangaza ni kwamba mwanzoni kabisa tatizo lilikuwa kinyume. Mwezi Februari 1941, Oxford, polisi mmoja aliyeitwa Albert Alexander, anayekufa kwa vidonda vilivyooza usoni, alichomwa penisilini, wa kwanza kutibiwa na timu ya watafiti wa huko. Alianza kupona. Tabu ni kwamba figo nzima hazina subira na penisilini. Haziishii kuichuja, zinaisukuma nje kwa makusudi, na baada ya saa chache mwili umebaki mtupu. Akiba ilikuwa ndogo mno, kwa hiyo walikusanya mkojo wake, ukapelekwa maabara kwa baiskeli, wakaichuja dawa kutoka kwenye mkojo na kumchoma tena. Akiba iliisha hata hivyo, na akafariki Machi 15. Mimi nilikuwa namlilia bibi ambaye figo zake hazikuitoa dawa. Huyu alikufa na figo zilizoitoa upesi kuliko watu walivyoweza kuitengeneza.

Kwetu nako kulikuwa na kumbukumbu ambayo hakuna aliyeiandika. Wazee waliotibiwa kifua kikuu enzi za streptomaisini, binamu yake jenta, walichomwa sindano kila siku kwa miezi miwili, sindano 60, na kila mtaa una mzee ambaye ukimsalimu kwa nyuma hageuki. Familia husema ni uzee. Pengine ni uzee kweli. Lakini nimewauliza wengi, na si haba walionijibu kwamba masikio yalianza kulia wakati wa “zile sindano za TB”. Ilipofika 2018, Shirika la Afya Duniani liliacha kuipendekeza kanamaisini, ndugu yao mwingine, kwa kifua kikuu sugu. Wenye masikio walishukuru.

Sasa nirudi kwa sista wa miwani.

Mwaka 2014, hospitali nyingine, mimi tayari ni mkuu wa famasia, nina ofisi, nina muhuri, na nina jedwali ukutani lenye dozi za dawa zote kwa kila kiwango cha figo, nimelifunika nailoni lisichafuke. Analetwa kijana wa bodaboda, miaka 28, kidole tumbo kimepasuka siku mbili zilizopita na yeye anakunywa panado akiendelea kubeba abiria. Presha chini, ngozi ya baridi, kreatinini 430. Wanampeleka chumba cha upasuaji na wanaandika meropenemu gramu 1 kila saa 8. Cheti kinafika kwangu. Ninapiga hesabu: kilo 64, jibu 20. Natazama ukutani. Nachukua kalamu nyekundu, nakata, naandika miligramu 500 kila saa 12, tangu dozi ya kwanza. Nagonga muhuri.

Jedwali lilikuwa sahihi. Hesabu ilikuwa sahihi. Kijana alikuwa na homa tena siku ya nne.

Nilichokuwa nimesahau ni kwamba figo zake hazikuwa mbovu. Zilikuwa na kiu. Mtu ambaye presha imeanguka, damu haifiki kwenye figo, nazo zinafunga duka. Usiku ule alipewa dripu baada ya dripu, presha ikapanda, na kesho yake jioni muuguzi aliandika kwenye chati: mkojo lita 3. Lita tatu! Figo zilikuwa zimefunguka na zinatupa meropenemu nje kama ile ndoo ya msumari. Lakini vipimo vyetu vya damu vilikuwa Jumatatu na Alhamisi, na kreatinini hata ikipimwa ni barua iliyoandikwa juzi: figo zikifa leo, yenyewe bado haijapanda, zikifufuka leo, yenyewe bado haijashuka. Mimi nilikuwa naisoma barua ya juzi na kuitii. Kwa siku nne kijana yule alipata gramu 1 kwa siku mahali pa 3.

Na meropenemu si jenta. Jenta inaua kwa pigo: dozi kubwa, kishindo, halafu unaweza kukaa muda mrefu kabla ya kurudi, ndiyo sababu kwa mwenye figo dhaifu ni afadhali kurefusha nafasi kati ya sindano kuliko kukatakata dozi. Jamii ya penisilini, na meropenemu ni ya ukoo huo, inaua kwa kukaa, kama mlinzi wa usiku. Haijalishi ana rungu kubwa kiasi gani. Akisinzia wezi wanaingia. Tulimpa kijana yule mlinzi wa nusu zamu.

Na dozi ya kwanza? Hapo ndipo nilipomkumbuka sista wa miwani, miaka zaidi ya 20 baadaye, nikiwa nimesimama katikati ya wodi ya upasuaji. Dozi ya kwanza inajaza ndoo. Ukubwa wa ndoo hautegemei tundu. Tena mgonjwa wa namna ile, amevimba maji ya dripu, ndoo yake ni kubwa kuliko kawaida, na rangi ya kuanzia inatakiwa kuwa nzito, si nyepesi. Figo zinaulizwa kuanzia dozi ya pili: ni kiasi gani kimevuja, nirudishe kiasi gani. Aliyaona hayo kwa kutazama ndoo tu, yeye ambaye hakuwa na digrii, na mimi nikamwambia tutalizungumza. Niliulizia habari zake. Alikuwa amekwisha kustaafu na kuhamia kwao bara.

Kijana alirudishwa chumba cha upasuaji. Walikuta usaha umejikusanya chini ya ini na nyuma ya kibofu. Daktari wa upasuaji aliniambia kwa upole kwamba huenda usaha ule ungekuwepo vyovyote vile, na kwamba dawa haipenyi usaha. Inawezekana. Alipona, baada ya wiki tano wodini. Pikipiki ilikuwa ya mkataba, amebakiza miezi miwili iwe yake. Mwenye pikipiki aliichukua wiki ya tatu. Mama yake ndiye aliyeniambia, siku ya kutoka, si kwa kulalamika, ila kama mtu anavyoeleza hali ya hewa. Hakujua kalamu nyekundu ilikuwa ya nani.

Jedwali lile sikulitoa ukutani. Majedwali yale yanawafaa watu ambao figo zao zimedhoofika na kutulia hapo: mwenye kisukari cha miaka mingi, mwenye presha, bibi yangu msuka ukili. Niliongeza chini yake kwa mkono: “Mkojo wa leo kiasi gani?” Kwa mgonjwa aliyezidiwa, wa saa 48 za kwanza, nilianza kuwaambia vijana wangu kwamba dawa za jamii ya penisilini zitolewe kamili, tupunguze baadaye figo zikikataa kuamka. Atakayezidishiwa tutamwona: zikijaa mno zinapanda kichwani, mtu anaweweseka, misuli inashtukashtuka, anaweza hata kupata degedege. Nimeona ndugu wakikusanya pesa za mganga kwa mgonjwa wa figo ambaye shetani wake alikuwa seftazidimu. Tulipoisimamisha, shetani aliondoka mwenyewe ndani ya siku tatu. Jenta haina msamaha huo, kwa hiyo jenta naiweka upande wake.

Kuna dawa ambazo hazikuletei haya maswali. Doksisaiklini, azithromaisini, na zaidi ya zote seftriaksoni, ambayo inatoka kwa milango miwili, figo na nyongo. Mmoja ukizibwa inapita mwingine. Ni dawa nzuri sana. Ninashuku kwamba nusu ya mapenzi tuliyonayo kwayo, kiasi cha kuichoma kila mwenye homa mpaka vijidudu vimeizoea, ni kwamba haimdai mtu hesabu.

Sikujua kama siku moja ningesimama upande wa pili wa dirisha. Nilistaafu na presha niliyoitibu kwa uzembe wa mtu anayejua dawa, na figo zimenilipa. Mwaka 2024, nikiwa na miaka 68, mkojo ulianza kunichoma, tezi dume nayo ikichangia. Nikaenda duka la dawa la mtaani kwetu, mahali ambapo hakuna anayejua nilifanya kazi gani. Nilivaa kanzu na kandambili. Kijana wa kwanza, simu sikioni, alinisikiliza nusu akaniwekea mezani paketi ya nitrofurantoini. Kwa kawaida ni chaguo zuri: inajikusanya kwenye mkojo na kuua humo humo. Ila kufika kwenye mkojo inapelekwa na figo. Figo zikiwa dhaifu haifiki, mtu anameza siku tano, vijidudu vinaendelea na shughuli zao, na dawa inabaki kwenye damu ikitafuta mishipa ya fahamu ya kusumbua. Nilikuwa na karatasi yangu ya maabara mfukoni: 190. Nilikuwa najua jibu langu, 28.

Sikusema kitu. Nakiri nilikuwa namtega.

Nyuma yake, binti mmoja mwenye hijabu nyeupe na koti la kazi aliacha kupanga maboksi. “Shikamoo mzee.”

“Marahaba.”

“Subiri kwanza usilipe. Una presha au sukari?”

“Presha.”

“Umewahi kupima figo?” Nikampa karatasi. Aliisoma, akatoa simu yake, akaanza kubonyeza. Mwenzake alikata simu, akatazama. “Miaka mingapi, mzee?” Nikamwambia. “Na kilo?”

Nikamwambia sitini na kitu, sina hakika, wazee tunapungua.

Akainama chini ya kaunta, akavuta mizani ya bafuni, kioo chake kimepasuka pembeni, akaiweka sakafuni mbele yangu na kuisawazisha kwa mguu isichezecheze.

Nikavua kandambili.